Siku Udi Ulipotangulia Posa

Nilipokuwa mdogo, katika mtaa wetu wa Hail, hapa Maskati, zilikuwepo nyumba tatu tu ambazo Kiswahili kilisikika kutoka madirishani: yetu, ya jirani wa kushoto, na ya fundi cherehani aliyekaa nyuma ya msikiti. Leo nimeacha kuzihesabu. Nikitoka asubuhi kununua mkate namsikia mama mmoja akimgombeza binti yake kwa Kiswahili cha Unguja, mwingine anabishana kwenye simu kwa Kiswahili cha Bara, na mwenye duka, Mhindi, anawaambia wote wawili "ahsante sana". Ramadhani ikiingia, nyumba ambazo hazijawahi kutoa mtu aliyevuka bahari kwenda Unguja au Bara zinatuagiza vitumbua na mkate wa kumimina. Baba alipokwenda kwenye maduka ya magari ya Wattaya kutazama gari, muuzaji alimsikiliza Kiarabu chake sentensi mbili, akacheka, na mazungumzo yaliyobaki yakawa ya Kiswahili tangu bei hadi mkono wa kwaheri.

Wengi wetu huisimulia habari hii kama ushindi. Mimi pia niliisimulia hivyo, katika vikao vya waandishi vijana, kwa sauti ya juu na mikono hewani. Siku hizi nikiianza namkumbuka Bibi na chetezo chake cha kufukizia udi, na sauti inanishuka.

Bibi, mama yake mama, alifika Maskati kutoka Unguja na watoto wanne na cherehani moja. Hakujifunza Kiarabu zaidi ya kile cha sala na cha sokoni, kwa sababu hakukihitaji. Kila mwaka tulizidi kuwa wengi kumzunguka. Daktari wake wa meno anasema Kiswahili. Harusi anazoalikwa ni zetu, misiba anayokwenda kuhani ni yetu. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kikao kizima katika nyumba ya watu wasiojua lugha yake. Tulimjengea mji ndani ya mji, tukaona tumemfanyia wema.

Dada yangu alipendana na mwanamume anayefanya naye kazi ofisi moja. Watu wake asili yao ni ndani ya nchi, milimani. Wanakaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na hawajawahi kuhama nchi hii. Mama wa mwanamume alikataa mwaka mzima. Hatimaye alikubali kuja na dada zake wawili, Alkhamisi baada ya alasiri. Kwa desturi yao wanawake huja kwanza: wanamwona binti, wanakunywa kahawa, kisha mkubwa wao anatamka neno. Lisipotamkwa, hapana posa. Dada alijua kwamba mwanamke yule, akiondoka bila ya kulitamka, hatakuja tena kwa urahisi.

Siku ile Mama aliondoa kanga zilizotandikwa kwenye viti na kutangaza kwamba leo ni Kiarabu tu. Kumwambia Bibi nikaachiwa mimi.

"Bibi, wageni wakija, nakuomba usiseme Kiswahili."

"Niseme nini basi?"

"Wasalimie tu. Halafu unyamaze."

"Ninyamaze kwangu?"

"Leo tu, Bibi. Kwa ajili ya dada."

"Wewe, unayeandika vitabu kwa maneno yangu?" Kisha akacheka, kwani hakupenda kumwacha mtu na aibu. "Haya, leo nnakuwa bubu. Msije mkaniozesha na bubu mwenzangu."

Wageni walifika. Mama wa mwanamume alikuwa mrefu, mwenye macho yasiyokimbia. Bibi alitoa salamu, akaketi pembeni, mikono mapajani. Kahawa ilipita, na tende, na halua. Yakazungumzwa ya joto na ya barabara. Mara mbili mgeni alimtupia Bibi jicho, kisha akamuuliza Mama kama mzee ni mgonjwa.

"Kidogo," alijibu Mama.

Kiarabu hicho Bibi alikielewa. Aliinuka taratibu, akaenda jikoni.

Dada akaingia na sinia ya sharubati. Wale wanawake walimpisha akae kati yao, mmoja akamshika mkono na kuutazama. Mgeni mkubwa aliweka kikombe chini, akajitengeneza mtandio, akakohoa kidogo. Neno lilikuwa linakuja.

Mlango ukafunguka, na moshi ukatangulia kuingia. Bibi alikuwa amebeba kwa mikono miwili chetezo kikubwa, kile cha sikukuu, na ndani yake udi aliopika mwenyewe kwa sukari na marashi. Kwake yeye, mgeni wa heshima hufukizwa ili ajione amefika. Kwa wageni wale, na kwa sehemu kubwa ya mji huu, udi ndio huzungushwa mwisho. Ukishapita, kikao kimekwisha na mtu huaga. Mimi nilijua. Mama alijua. Sote tulizoea kuishi na desturi mbili, kila moja tukaipeleka kwenye mlango wake. Bibi peke yake hakujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpeleka kwenye mlango ambao angejifunza.

Alikwenda moja kwa moja kwa mgeni mkubwa, akainama na kumwekea chetezo mbele yake.

Mgeni alikitazama chetezo, akamtazama Mama, akamtazama Dada. Alijipungia moshi mara mbili usoni, kwa adabu, akasimama. Dada zake wakasimama. Kiarabu cha Mama, kinachosifiwa ofisini kwake, kilikatika vipande; alikuwa anasema "la, la" tu, kama mtoto. Mgeni alituombea baraka, na tayari alikuwa mlangoni.

"Mbona wanaondoka?" Bibi alininong'oneza, bado anatabasamu. "Hata vitumbua nilivyopika hawajagusa."

Dada alijifungia chumbani. Mama ndiye aliyemweleza, kwa kilio. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mie nimewaheshimu," alisema. "Mdomo mmenifunga, nikasema kwa mikono."

Siku tatu Mama alipiga simu, haikupokelewa. Siku ya nne Bibi alivaa baibui lake jipya. "Twende," aliniambia. "Wewe utanitafsiria."

Yule mwanamke alitukaribisha bila ya tabasamu. Bibi hakungoja kahawa.

"Mwambie kwetu udi ni kumkaribisha mtu. Mwambie sikujua. Na mwambie wa kulaumiwa ni aliyenambia ninyamaze."

Nilitafsiri mawili ya kwanza, nikasita. Bibi alinigonga goti. Nikatafsiri na la tatu, uso ukiniwaka.

"Kwa nini ulimnyamazisha bibi yako?" mwanamke aliniuliza.

Nilianza kumtafsiria Bibi swali hilo.

Mwanamke mwenyewe akaendelea. Alisema jirani zake wa kulia na wa kushoto ni Waswahili, na huko kliniki wauguzi wanaitana kwa Kiswahili. Wanawake hucheka karibu naye, katika mji aliozaliwa, naye hajui wanachekea nini. Sasa na mwanawe anataka kuoa kwao. Aliogopa kwamba siku moja, nyumbani kwa mjukuu wake, yeye ndiye atakayeketi pembeni.

Nilimfikishia Bibi maneno hayo.

"Mwambie pembe hiyo nimeshaikalia," alisema Bibi. "Haina raha."

Mwanamke hakucheka. Alichukua birika kutoka mkononi mwa mtumishi, akammiminia Bibi kahawa mwenyewe.

Walirudi wiki mbili baadaye, na neno likatamkwa. Dada ameolewa. Watu wanaosikia kisa hiki hunipongeza, na huishia hapo. Lakini mimi bado naishi nyumba moja na Bibi. Kengele ya mlango ikilia, kabla sijaenda kufungua, yeye huacha alichokuwa akikisema na kunitazama.

"Leo nizungumze?"

"Zungumza, Bibi," namwambia.

Anatikisa kichwa kukubali. Kengele ikilia tena, ananiuliza tena.