Pampu ya Mama Kufuli

Asubuhi ya ukaguzi, Mama Kufuli aliifuta pampu mara ya pili kwa kipande cha khanga kuukuu. Miezi kumi tangu ifungwe kisimani, rangi yake ya buluu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Jina hilo majirani walimbandika kwa sababu ya kufuli aliyoining'iniza kwenye mnyororo wa mpini. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mashine ya kusaga waliyoletewa na mradi wa kwanza ilikufa ndani ya miezi mitatu kwa kutumikishwa kutwa kucha. Lawama zote zilimwangukia mumewe, aliyekuwa mtunza mashine. Alizikwa nazo.

Kwa hiyo fundi wa mradi wa maji alipomwambia, "Itunzeni, nikirudi niikute nzima," alimwelewa kwa namna moja tu. Mwanzoni aliifungua Ijumaa, ndoo moja kila nyumba. Baada ya wiki mbili akaifuta hata Ijumaa. Watu wakarudi korongoni, mwendo wa saa nzima.

"Mama, hii ni pampu au bibi harusi?" mke wa mwanawe alimtania akipita, ndoo kichwani, mimba ya miezi minane mbele. "Kila siku inaogeshwa, kazi haifanyi!"

"Vumilia, mwanangu. Watu wa mradi wakiikuta nzima wanatuongezea mbili. Utachota mpaka uchoke."

Fundi alifika saa nne na fomu zake. Mama Kufuli akaifungua kufuli mwenyewe, kifua mbele. Fundi akaukandamiza mpini; ukashuka bila uzito wowote. Akapampu mara ishirini. Ikatoka pumzi kavu. Akafungua kifuniko cha juu, akachomoa duara la ngozi lililopasuka kama kisigino chenye magaga.

"Ngozi hii huishi kwa kulowa, mama. Mmeitumia lini mara ya mwisho?"

"Hatujaitumia, baba. Tumeitunza."

Fundi alimtazama, kisha akaitazama rangi ile inayong'aa.

"Si utie ngozi nyingine?" Mama Kufuli akauliza.

"Ngozi ninayo. Lakini fomu inauliza kama inatumika. Nikiandika haitumiki, ofisini wanajua hamuihitaji. Kuna kijiji kingine kinaisubiri."

"Andika kosa ni langu. Mimi peke yangu."

"Hakuna nafasi ya kuandika hilo, mama."

"Basi andika pembeni!"

Hakuandika. Adhuhuri haijafika, vijana wa mradi aliokuja nao walikwishafungua nati nne, wakaipakia pampu kwenye gari. Shimo wakaliziba kwa bamba la chuma.

Mke wa mwanawe, aliyekuwa amekuja kutazama ukaguzi, akainama kwa shida, akaokota ndoo yake. Mama Kufuli akanyoosha mkono kumpokea.

"Acha, mama," akasema yule binti, safari hii bila utani. "Umeshatunza vya kutosha."

Akashika njia ya korongoni. Mama Kufuli akamfuata nyuma, mikono mitupu.