Nilijua simu inakatikia wapi

Admin nisitiri jina, mtaa wetu ni mdogo na midomo ni mingi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, nakaa Mji wa Kale hapa Mombasa, nyumba ya wakwe zangu. Juzi mwanangu katia intaneti ya nyumbani, ile isiyo na waya. Kutwa ni kelele, mara ipo, mara imekwenda. Chumba cha ndani ndiko haifiki kabisa, wajukuu wanapiga mayowe, "Bibi, imekatika tena!" Wao wanacheka. Mimi naikumbuka simu ya zamani.

Miaka ya tisini mume wangu alikuwa akifanya kazi Uarabuni. Alituletea simu isiyo na waya, ya kutembea nayo mkononi, mashine yake ikawekwa ukumbini. Hapo ukumbini yasikika vizuri. Lakini nyumba zetu hizi za mawe kuta zake ni nene, ukivuka mlango wa ndani tu simu inakoroma, kisha inakufa. Sote nyumbani tulijua, na kila siku tulimlaani aliyeiuza.

Mume wangu alikuwa mtu mwema, ila hasira zake zilikuwa karibu. Alikuwa ameshaniacha mara mbili, na mara mbili akanirejea kabla eda kwisha. Ilibaki talaka moja, na hiyo ikitoka hakuna kurejeana.

Alasiri moja akapiga. Ameambiwa nimeonekana harusini, mtaa wa Kuze, naye alinikataza. Nilikwenda, siwadanganyi, nikacheza na biriani nikala. "Nimekuacha mara mbili nikakurejea," akasema, sauti imetulia, na hapo ndipo nilipoogopa. "Leo nisikilize vizuri." Nilikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa ndani, nikauvuka. Simu ikakoroma, ikafa. Nikasimama mle nimeikumbatia, najiambia nisilolisikia halinihusu.

Hakupiga tena. Siku ya kumi akapiga mwenzake wa kazini: ajali, amefariki, wamemzika huko huko. Nikakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, watu wanaingia kunipa pole. Mavyaa wangu, mamake marehemu, akaniuliza, "Mwanangu alisema nini mara ya mwisho?" Nikamwambia, "Simu ilikatika, mama." Akailaani simu, nami nikaitikia amin. Kila mwaka huniuliza, na kila mwaka namjibu hivyo hivyo.

Ramadhani iliyopita nikasikia darsa redioni. Sheikh akasema talaka ikishatamkwa imepita, mke asikie asisikie. Ee Mola, basi nilikimbia nini? Huenda alitamka mimi niko nyuma ya ukuta. Huenda nimelilia ujane usio wangu, na nyumba hii nimeikalia bila haki. Na huenda alitaka kunigombeza tu. Sitajua, na naona haya hata kumwombea dua.

Sasa mavyaa hainuki kitandani, mimi ndiye ninayemgeuza na kumlisha. Jana kanishika mkono, akanambia, "Mimi niko njiani kwa mwanangu. Nitamwambia kuwa mkewe alimngoja, hakuolewa na mwingine." Nilitoka nikaenda kulia msalani.

Nimwambie ukweli nimvunje moyo saa hizi, au nimwache aende na salamu ambazo pengine si zangu kuzituma? Nipeni shauri ndugu zangu, lakini upesi. Leo hajala kitu.