Protini Iliyohamia Upande Mmoja

Pale maabara walimwita Mbishi, naye alilipokea jina hilo kama zawadi. Tangu utotoni, dada yake akisema leo kuna joto, yeye alivaa sweta. Lakini ubishi ulikuja kumtia majaribuni kwa sababu ya yai la mnyoo, dogo kuliko chembe ya mchanga.

Kazi yake ilikuwa kuyatazama mayai hayo kwa hadubini yakijigawa. Protini moja ilikuwa imeunganishwa na rangi inayong'aa kijani, ili aone inakokwenda. Naye aliona: kabla yai, ambalo ni seli moja tu, halijakatika mawili, ukijani wote ulihamia upande mmoja. Seli binti moja ikarithi karibu kila kitu, nyingine ikaambulia patupu.

Mkuu wa maabara alizitazama picha akacheka. "Mwanangu, protini hiyo husambaa sawasawa. Taa yako inamulika zaidi upande mmoja, basi. Futa uanze upya."

"Sifuti, Mzee."

"Unasemaje?"

"Taa nitaipima. Picha sifuti."

Jioni, mama yake alimsikiliza huku akikunja nguo, akaguna. "Mkaidi hafaidi. Omba radhi yaishe."

"Nikiomba radhi, mama, yai litaacha linachokifanya?"

Mama alimrushia pembe ya shuka wakunje pamoja.

Kesho yake, akiosha vioo vya kuwekea mayai, wazo likamjia. Kama kosa ni la taa, mng'ao utabaki palepale hata yai likigeuzwa. Akamwita mkuu mbele ya wenzake.

"Chagua yai mwenyewe, Mzee, usije ukasema nimelipanga."

Mkuu akachagua shingo upande. Wakasubiri. Ukijani ukajikusanya kulia. Mbishi akakizungusha kioo taratibu, mpaka kulia kukawa kushoto. Ukijani nao ukaenda kushoto, ukiwa umeng'ang'ania mwisho uleule wa yai. Kisha seli ikakatika: moja inang'aa, nyingine giza.

Mtu mmoja akapiga mluzi. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Yai moja si ushahidi."

"Lete jingine. Nipo."

Hakuleta. Badala yake alimhamishia chumba cha nyuma, kwenye hadubini kuukuu yenye skrubu zilizolegea, akidhani atachoka. Mbishi alizikaza kwa bisibisi ya nyumbani, akaendelea, yai baada ya yai. Wenzake wakaanza kuja kuchungulia mmoja mmoja, eti wanaazima kalamu.

Siku ya mkutano wa watafiti, mkuu alimwagiza aseme "huenda". Mbishi alipanda jukwaani akasema, "Haigawanywi sawa. Mwenye shaka aje ageuze kioo kwa mkono wake."

Maswali yalimiminika, mengine ya kumchimba. Mama mmoja wa makamo, mkuu wa maabara nyingine katika jengo lao, akauliza, "Na nini kinachoisukuma protini huko?"

"Hilo sijui. Ila nitalitafuta, watake wasitake."

Yule mama akacheka kwa sauti. "Hamia kwangu, basi. Kwangu tunabishana mchana kutwa."

Alihama. Mkuu wake wa zamani hajakubali mpaka leo, na wakikutana ngazini Mbishi humwamkia kwa heshima zote, kisha humuuliza, "Mzee, lile yai la pili vipi?"