Mapaja Yalipokaza

Daktari aliniambia presha yangu inapanda na kwamba kazi ya cherehani inanikalisha mno. Ninashona nguo kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Gongoni, na kwa miaka mingi safari yangu ndefu ilikuwa ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani. Basi nikajiunga na akina mama wa mtaani wanaokimbia alfajiri. Siku ya kwanza tulikimbia mpaka kwenye uwanja wa mpira, tukaruka kichurachura, tukacheka kama wanafunzi. Nilirudi nyumbani mwepesi, najiona msichana.

Kesho yake nilipotaka kushuka kitandani, miguu ilikataa. Nyuma ya mapaja, kutoka makalio mpaka magotini, misuli ilikuwa imekaza kama kamba iliyolowa ikaachwa juani. Nikikunja mguu, inauma. Nikiunyoosha, inauma zaidi. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Nyumba ile tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Mimi na ndugu zangu tulimtoa kijijini kwake Igalula baada ya matanga ya baba, tukidhani mjini atachangamka. Hakuchangamka. Alikaa chumba cha uani, ukingoni mwa kitanda, macho ukutani. Ukimsalimu anaitikia, ukimpa chakula anaonja. Machozi sikuwahi kuyaona. Miezi ilipita hivyo, nami nikazoea kutembea nyumbani mwangu kwa kunyata.

Asubuhi ile ilinibidi niite.

"Mama, siwezi kunyanyuka."

Nikasikia kandambili zake zikija polepole.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini, na kazi zote hizi zipo?"

"Daktari kasema, mama."

Aliweka mkono nyuma ya paja langu, akabonyeza. Nikauma mto.

"Pamekuwa kuni hapa," alisema, akatoka. Baada ya muda nikasikia mkaa ukipepewa. Nilitega sikio kwa sauti ile kama mtu anayesikia mvua ya kwanza, maana tangu aje kwangu hakuwa amewasha jiko hata mara moja.

Alinilaza kifudifudi kwenye mkeka, akaloweka kanga kuukuu katika maji ya moto, akaikamua, akanifunika nayo mapajani. Joto likaingia taratibu mpaka kwenye mifupa. Jua lilipita kwenye pazia la njano, chumba kizima kikawa rangi ya asali, na vumbi likaelea juu yangu bila haraka. Kila kanga ilipopoa, alileta nyingine. Kisha akaanza kunikanda kwa mafuta ya nazi, akiimba puani wimbo wa Kinyamwezi ambao maneno yake nimeyasahau, au labda sikuwahi kuyajua.

Nikawa nusu nimelala, nusu niko macho. Nikaiona njia ya zamani ya misafara, ile inayotoka mjini kuelekea magharibi, imejaa miguu mitupu. Wapagazi, babu za babu zetu, wanapita na mizigo mabegani, na mimi nimelala kando ya njia natazama mapaja yao tu, yanavyokaza na kulegea, yanavyokaza na kulegea. Nikajiuliza walipofika kambini jioni, nani aliwachemshia maji. Nilitaka kumuuliza mama, lakini ulimi ulikuwa mzito kwa usingizi.

Siku ya pili maumivu yalizidi. Siku iliyofuata alikuja jirani mmoja wa kile kikundi chetu, yeye ni muuguzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako huyu hapa, kalala."

"Asilale tu. Misuli imechoka, haijachanika. Atembee kidogo kidogo, itaachia. Na mkono wako, mama, uwe mwepesi kidogo."

"Atatembea na nani? Akiwa peke yake ataanguka."

"Si wewe upo?"

Nilidhani atakataa. Akaenda chumbani, akarudi amejitanda kanga.

Tulitoka jua likiwa bado changa, tukafuata barabara ya kuelekea Itetemia. Mimi nilitembea kama bata, yeye kama mtu anayejifunza ardhi upya. Ukungu mwembamba ulikuwa umelala mashambani na moshi wa majiko ukajichanganya nao, hata nyumba za mbali zikaonekana kama zinaning'inia hewani. Tulipofika penye miti, mama akasimama ghafla.

"Baba yako alitembea haraka," alisema. "Tangu ananioa. Tukienda mahali namfuata nyuma, naona visigino vyake tu. Namwambia, mume wangu, ningoje. Anasema, nakungoja mbele."

Kisha akalia. Alilia amesimama barabarani, uso wazi, na watu wa baiskeli wakapunguza mwendo, wakapita kwa heshima. Nilimshika mkono. Mapaja yalikuwa yanaanza kukaza, lakini nilisimama naye mpaka alipomaliza, akajifuta kwa pindo la kanga.

"Twende," akasema. "Ukisimama sana utakaza tena."

Juma lilipoisha nilikuwa nachuchumaa bila kushika ukuta. Nikamwambia mama nimepona.

"Vizuri," alisema. "Basi kesho tuwahi zaidi, kabla ya jua."

Tuliendelea hivyo mpaka mawingu ya msimu wa mvua yalipoanza kujikusanya. Hapo akasema anataka kurudi Igalula, karanga hazijipandi zenyewe. Sikumzuia. Nilimsindikiza stesheni, akapanda treni akiwa amevaa raba zangu za mazoezi, alizokuwa akiziazima kila asubuhi, kwa kuwa, alivyosema, zilikuwa zimeshaujua mguu wake. Nami nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipita njia ndefu.