Nyanya, Mwalimu na Uyoga wa Magogoni

Leo nyanya yangu ameniaibisha mbele ya mwalimu wangu wa chuo, na bado nacheka.

Nilimleta mwalimu hadi Rukanga, kijijini kwa nyanya, kwa sababu anatafiti ule uyoga mgumu unaoota kwenye magogo. Alitaka kujua zamani watu wetu waliutumia vipi.

Nyanya akasema, "Tunachemsha, tunakunywa. Ni dawa ya kifua."

Mwalimu akaandika mbio mbio.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Huyu mjukuu wangu. Si alinitumia video kwa simu!"

Jamani! Kalamu ikasimama. Mimi nikaangalia mlima.

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba kwa maabara bado wanaupima, asikimbilie kuunywa. Kisha akauliza, "Na mama yako mzazi je?"

"Kunywa? Hata! Aliuwasha ukatoa moshi, akafukuza nyuki arine asali."

Hilo mwalimu hakuwa amelisikia popote. Akavuta kigoda, akafungua ukurasa mpya, na nyanya akaongea hadi chai ikapoa.

Tukiondoka, nyanya akamwambia, "Ukirudi, njoo peke yako. Huyu anatuchanganya."

Nyinyi wa Njukini na Bomeni, kwenu uyoga huu ulifanya kazi gani? Niambieni hapa, nipate la kujitetea.