Uso wa Njaa pale Ikutha

Mimi ndiye yule kijana wa Mwingi anayewatolea mawaidha mafupi mtandaoni kila Ijumaa. Ukame ulipozidi, nilijiambia Muislamu mwenye wafuasi wengi hawezi kunyamaza. Nikaenda Ikutha siku ya kugawa chakula, nimevaa kanzu niliyoipiga pasi mara mbili.

Kando ya magunia ya mahindi aliketi susu mmoja, bibi mzee wa mtandio, midomo imekauka, miguu imejaa vumbi. Watu walikuwa wanakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Yeye aliletewa sahani akatikisa kichwa. Nikaona huyu ndiye. Nikawasha laivu, nikachuchumaa, nikalegeza sauti.

"Ndugu zangu, huu ndio uso wa njaa. Susu, mara ya mwisho umekula lini?"

"Daku," akajibu.

Neno hilo lilinipita. Nilikuwa naangalia kwenye skrini kama chozi langu linaonekana.

"Na mbona umekataa chakula?"

"Leo Jumatatu, nimefunga Sunna. Kwani wewe hukufunga?"

Mtu mwenye akili angezima simu hapo. Mimi nilimuuliza kama atapata hata gunia moja la kupeleka nyumbani.

"La nini? Haya magunia tumeleta sisi akina mama wa msikiti. Tunangoja umalize kuongea tugawe." Akanitazama kanzu, akatazama kijiti changu cha kushikia simu. "Na wewe, mwanangu, umetuletea nini?"

Laivu ilikuwa bado inaendelea.