Maji Aliyoyasusa Shangazi

Mmmmm. Mngurumo ule bado naukumbuka. Niliusikia kwa nyayo kabla ya masikio, getini pa kituo cha umeme cha mto Pangani. Lakini nianzie Bagamoyo. Baba alinituma nikamchukue dada yake, Shangazi Mwanaidi, na virago vyake. Alikuwa amepiga simu kwamba bustani ya mchicha inayomlisha inakufa, naye anahama.

Saa nne, Msata. Nikabadili basi, nikanunua hindi la kuchoma, nikaota mchana kweupe hadi Segera, nusura nipitilize.

Saa tisa, kwa Shangazi, kando ya mto uleule, chini ya kituo.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunizika?"

Akanionyesha matuta. Mchicha umelala kama wagonjwa.

"Wenye mtambo huko juu wanayakamua maji, wanatoa umeme. Tui zito lao, sisi huku chini tunaletewa machicha. Wiki ya pili hii siyatii bustanini."

Nami, msomi wa darasa la saba, nikaona kasema kweli! Ila nikamwomba tukawaulize wenyewe kabla ya kufunga virago.

Asubuhi, kituoni. Tukavishwa kofia ngumu. Ya Shangazi ikakaa juu ya ushungi kama chungu. Fundi wa zamu, dada mcheshi, akatueleza: maji yanaporomoka ndani ya bomba nene, yanasukuma gurudumu la chuma, nalo linazungusha sumaku kubwa katikati ya nyaya za shaba. Umeme unazaliwa humo kwenye nyaya.

"Na maji mnayatoa nini?" Shangazi akamkazia macho.

"Mbio tu, mama. Ukisukuma gari lililokwama unabaki mzima, unahema tu."

"Basi mchicha wangu unakufa kwa nini?"

"Unamwagilia nini?"

"Namngoja Mungu alete mvua."

Fundi akauma mdomo. Mimi nilicheka mpaka kofia ikadondoka. Shangazi akanifinya.

Jioni bado anakunja nguo. "Mizizi haisikii maneno ya fundi." Nikachota mtoni, nikanywesha tuta moja.

Kulipokucha, mchicha wa tuta lile umesimama. Shangazi akafungua furushi, akatoa kanga ya shamba, akachukua ndoo.

Alasiri, stendi ya Bagamoyo. Nimejifunza kwamba aliyefanya kazi hajaisha, awe mtu au maji. Baba alikuwa ameazima mkokoteni wa kubebea virago.

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Anamwagilia."

Akaguna, akaenda zake msikitini. Nikapakia kijibegi changu kimoja juu ya mkokoteni, nikausukuma hadi nyumbani.